Akiba haiozi, lakini yai huoza



Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Nadhani waliposema hivyo walikuwa wakifikiria mtama ulioko ghalani, au fedha zilizomo ndani ya kibubu, au wema aliotendewa jirani. Hawakuwa wakifikiria trei ya mayai iliyowekwa juu ya kabati la jikoni, mjini Dar es Salaam, mwezi wa Februari. Akiba ya namna hiyo huoza, tena huoza kimya kimya, na siku ikijitangaza nyumba nzima hukimbilia nje.

Juma hili nimeona tuzungumze habari za yai. Najua wapo watakaoguna na kusema: mambo ya nchi yamejaa tele, bei zinapanda, foleni barabarani hazina mwisho, naye mtangazaji huyu anatuletea habari za mayai! Nawaomba radhi, lakini sirudi nyuma. Yai ni jambo kubwa katika nyumba ya mfanyakazi wa mjini. Nyama inataka angalau nusu kilo, samaki anataka mafuta na subira, lakini yai moja hununuliwa gengeni kwa fedha iliyobaki mfukoni, na baada ya dakika chache mtoto ameshakula. Yai moja la wastani lina kiasi cha gramu 6 za protini, ambayo ndiyo inayojenga mwili, pamoja na vitamini na madini kadhaa. Kwa nyumba nyingi, yai ndiyo nyama ya zile siku ambazo mshahara umekwisha na mwezi haujaisha. Chakula cha namna hiyo kikiharibika, au kikigeuka kuwa chanzo cha ugonjwa, hasara yake si ndogo.

Mimi si daktari wala si bwana mifugo. Ni mwandishi wa habari, na kazi yangu ni kuuliza. Nimewauliza wafugaji, wauzaji, akina mama wanaopika chakula cha kuuza na watu wa afya, na mengine nimeyasoma. Haya ndiyo niliyoyakusanya.

Tuanze na yai lenyewe. Ukilishika mkononi waweza kudhani umeshika kitu kilichofungwa kabisa, kama jiwe dogo. Sivyo. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana, maelfu kwa maelfu, ambavyo macho hayawezi kuviona. Kupitia vitundu hivyo ndiko kifaranga hupata hewa. Kuku anapotaga, yai hutoka likiwa limepakwa utando mwembamba, na utando huo ukikauka huziba vile vitundu. Huo ndio mlango wa nyumba. Maadamu mlango umefungwa, uchafu wa nje hauingii kwa urahisi.

Lakini siku zinavyopita, mlango hulegea. Maji yaliyomo ndani ya yai hutoka kidogo kidogo, hewa nayo huingia, na kile chumba cha hewa kilichoko upande wa butu huzidi kukua. Hapo ndipo ulipo msingi wa kipimo ambacho bibi zetu walikijua bila kwenda shule: kulitia yai kwenye bakuli la maji. Yai jipya huzama na kulala chini. Yai lililokaa siku nyingi husimama wima. Yai la zamani sana huelea.

Kipimo hicho ni kizuri, lakini tukielewe vyema. Kinatuambia umri wa yai. Hakituambii kama yai hilo ni salama. Na hapa ndipo ninapotaka msikilizaji anisikilize kwa makini, maana hapa ndipo wengi tunapopotea.

Yai linaweza kumdhuru mlaji kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuoza. Hilo ndilo yai viza tunalolifahamu sote: ukilipasua linanuka, rangi imegeuka, nawe unalitupa huku umeziba pua. Yai la namna hiyo linatuudhi, lakini mara chache linatuua, kwa sababu hakuna mwenye akili timamu atakayelila. Njia ya pili ni vijidudu vinavyoitwa salmonela. Hivi havina harufu. Havibadili rangi ya kiini wala ladha ya ute. Yai lenye salmonela laweza kuzama vizuri kabisa kwenye maji, likapasuliwa, likaonekana zuri la kupendeza, na bado likamlaza mtu hospitali. Kwa hiyo yai linalonuka si adui mkubwa. Adui mkubwa ni lile lisilonuka.

Vijidudu hivyo huishi matumboni mwa kuku, na mara nyingi kuku mwenyewe haonyeshi dalili yoyote ya ugonjwa. Hufika kwenye ganda kupitia kinyesi. Lakini ipo aina moja ambayo huweza kuingia kwenye mfuko wa mayai wa kuku, ikawa ndani ya yai hata kabla halijatagwa. Mtu akila yai la namna hiyo bichi au likiwa halijaiva, ugonjwa waweza kumpata baada ya saa chache, au hata siku kadhaa baadaye: kuharisha, homa, na tumbo kusokota. Watu wazima wengi hupona wenyewe baada ya siku nne hadi saba. Lakini mtoto mdogo, mzee, mama mjamzito na mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua, hao waweza kufikia hatua ya hatari. Na kwa kuwa ugonjwa huchelewa kujitokeza, tunaishia kumlaumu muuza juisi wa jana, kumbe mkosaji ni yai la juzi.

Asije mtu akadhani kwamba hili ni tatizo la nchi maskini. Mwezi Desemba mwaka 1988, naibu waziri wa afya wa Uingereza, Bibi Edwina Currie, alisema hadharani kwamba sehemu kubwa ya uzalishaji wa mayai nchini mwake imeingiwa na salmonela. Nchi ilitikisika. Mauzo ya mayai yalianguka, wafugaji wakaja juu, na kabla ya majuma mawili kupita mama huyo alikuwa amejiuzulu. Baadaye wafugaji wa huko walianza kuchanja kuku wao na kupiga muhuri mayai yanayotoka katika mabanda yanayofuata masharti. Ilichukua muda mrefu. Mwaka 2017 ndipo mamlaka ya chakula ya nchi hiyo ilipotangaza kwamba hata wajawazito na watoto wanaweza kula mayai yenye muhuri huo bila kuyakaza. Nako Marekani, mwaka 2010, mayai zaidi ya milioni 500 yaliondolewa sokoni kwa sababu ya vijidudu hivyo hivyo.

Sasa turudi kwetu. Mayai mengi tunayonunua gengeni hayana muhuri wala tarehe. Hatujui yalitagwa lini, wala yamepita mikono mingapi. Tunachokijua ni joto. Vijidudu hivi havipendi baridi. Chini ya nyuzi joto 5 za Sentigredi huwa kama vimelala. Joto likipanda huamka, na likikaribia lile la mwili wa binadamu huzaana kwa kasi. Ute wa yai jipya una nguvu ya kuvizuia, lakini joto na siku zikiongezeka, ile ngozi nyembamba inayozunguka kiini hulegea, chakula kilichomo kwenye kiini huvuja, na vijidudu hupata karamu. Pwani yetu, ambako mchana wa Januari na Februari joto hupita nyuzi 30, karamu hiyo huandaliwa mapema.

Kwa yai la kienyeji lipo jambo jingine. Ikiwa kuku anaishi na jogoo, huenda yai lina mbegu. Joto la chumba likiwa kubwa, mbegu hiyo huanza kukua hata kama hakuna kuku anayeatamia. Ndiyo maana wakati mwingine mtu hupasua yai na kukuta vijishipa vya damu. Hakuna aliyekuroga, ndugu yangu. Ni joto tu.

Je, tufanye nini? Kazi huanzia pale pale gengeni. Usinunue mayai yaliyoanikwa juani, hata kama bei yake imepunguzwa. Usinunue yai lenye ufa. Katika habari za mayai, ule usemi wa usipoziba ufa utajenga ukuta haufanyi kazi, kwa sababu ufa wa yai hauzibiki. Ule ni mlango uliovunjwa. Likikupasukia njiani, lipasue ndani ya chombo safi, lifunike, liweke penye baridi, ulipike likaive sawasawa mapema iwezekanavyo. Kama huna jokofu, lipike mara ufikapo nyumbani.

Ukifika nyumbani, usiyaoshe mayai ili uyaweke. Najua akina mama wengi hapa watanishangaa, maana usafi ndiyo sifa ya jiko. Lakini kumbuka ule utando. Ukiosha yai, unaubandua utando huo na kuacha vitundu wazi, na maji yenyewe huweza kuvuta uchafu kuupeleka ndani, hasa maji yakiwa ya baridi kuliko yai. Kama ganda lina uchafu kidogo, lisugue polepole kwa kitambaa kikavu. Kama limechafuka sana, lioshe wakati ule ule unapotaka kulipika, kwa maji ya uvuguvugu, si kabla.

Wapo wanaouliza: mbona Wamarekani huosha mayai yao viwandani? Kweli, huyaosha, lakini baada ya hapo sheria yao inataka yakae kwenye baridi mpaka yamfikie mnunuzi. Katika nchi nyingi za Ulaya hawayaoshi, na dukani huyaweka nje ya jokofu. Kila upande umechagua njia moja na kuifuata hadi mwisho. Ubaya ni kuchanganya: kuosha, kisha kuacha kwenye joto.

Kwa mwenye jokofu, mayai yakae ndani kwenye rafu, katika trei yake au chombo chenye kifuniko. Vile vishimo vilivyochongwa mlangoni vinapendeza macho, lakini mlango ndiyo sehemu yenye joto kuliko zote, na kila anayetafuta maji ya kunywa huutikisa. Panga mayai ncha ikiwa chini na upande wa butu ukiwa juu, ili chumba cha hewa kikae juu na kiini kibaki katikati. Yakihifadhiwa hivyo, mayai mapya hukaa salama majuma matatu hadi matano. Lakini yakishaingia kwenye baridi, yabaki kwenye baridi. Yai likitolewa na kuachwa mezani hutoa jasho, na unyevu huo ndiyo mtumbwi unaovusha vijidudu kupita vitunduni.

Hapo najua swali linalofuata: na umeme ukikatika? Sisi tuliopitia mgawo wa mwaka 2006 na ule wa 2011 hatuhitaji kufafanuliwa. Umeme ukikatika, usifungue fungue jokofu. Likifungwa vizuri, hutunza ubaridi wake kwa muda wa saa 4 hivi. Kanuni za Marekani ni kali: yai lililowekwa kwenye baridi halafu likakaa kwenye joto zaidi ya muda wa saa 2, hutupwa. Kwa nyumba yenye mtoto mchanga au mgonjwa, ningeshauri ukali huo huo. Kwa wengine, angalau mayai yaliyoshinda yakitoa jasho yasirudishwe kuwa akiba ya majuma mengine. Yafutwe, yapikwe siku hiyo hiyo mpaka yakaze.

Na asiye na jokofu? Hao ni wengi, nao wana haki ya kula yai salama. Tafuta mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani: chini, kwenye kona isiyopigwa na jua, mbali na jiko. Juu ya kabati ndiko joto linakopanda. Weka mayai kwenye kikapu kinachopitisha hewa, yafunike kwa kitambaa safi kuzuia mende na panya, wala usiyafunge ndani ya mfuko yakakosa hewa. Yaweke mbali na vitunguu, samaki na mafuta ya taa, kwani yai hunyonya harufu. Na ununue ya kutosha juma moja tu.

Kwa ndugu zetu wa Dodoma, Singida na kwingineko kukavu, upo msaada wa chungu. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alianza kusambaza chungu cha namna hiyo miaka ya 1990, na mwaka 2000 akatunukiwa tuzo ya Rolex. Chungu kidogo huwekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati hujazwa mchanga uliolowanishwa maji, na juu hufunikwa kwa kitambaa chenye maji. Maji yanapokauka huondoka na joto. Lakini wenzangu wa Pwani, tusidanganyane: hewa yetu imejaa unyevu, maji hayakauki upesi, na chungu hicho hakitatusaidia sana.

Nilipoyaeleza haya kwa mama mmoja anayeuza chai na chapati karibu na kituo cha daladala, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Kaka mtangazaji, maneno yako mazuri. Lakini mimi trei tatu nikizichukua kwa mpigo napunguziwa bei. Mayai yakiharibika kumi, ukaniambia nitupe, nani atanilipa?"

Ni swali la haki, na sikutaka kulikwepa. Tukahesabu pamoja. Hutumia mayai kama 10 kwa siku. Trei tatu ni mayai 90, yaani siku tisa. Siku za joto, yale ya mwisho ndiyo yanayomharibikia, na mayai hayo 10 anayoyatupa humeza punguzo lote alilofurahia. Akichukua trei moja kila baada ya siku tatu, hapati punguzo, lakini pia hatupi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba atamshirikisha jirani yake wa meza ya pili: wachukue trei tatu kwa mpigo, wagawane, na punguzo lisiwapite. Jibu hilo ni bora kuliko langu. Hata majumbani linafaa. Familia ya watu sita, kila mmoja akila yai moja mara tatu kwa juma, inahitaji mayai 18. Trei nzima itakaa karibu siku 12. Mkigawana na jirani, kila mmoja ana mayai 15, na hayamalizi juma.

Jambo jingine ni penseli. Ndiyo, penseli ya mtoto wa shule. Siku unayonunua, andika tarehe kwenye ganda. Yaliyotangulia kuingia yatangulie kutoka. Penseli haigharimu kitu, nayo itakuondolea ubishi wa kuulizana yai hili ni la lini.

Mwisho ni jikoni. Kila yai lipasuliwe kwanza kwenye kikombe peke yake, ili moja viza lisiharibu mengine. Ukishashika maganda, nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa kachumbari. Hili nawaomba sana vijana wetu wa chipsi mayai, maana mkono unaopasua yai ndio huo huo unaochota nyanya. Yai lipikwe mpaka ute na kiini vigande. Wapo wanaompa mgonjwa yai bichi ndani ya maziwa ili apate nguvu. Ndugu zangu, mwili hufaidi zaidi protini ya yai lililopikwa kuliko ya yai bichi, na mgonjwa ndiye mtu wa mwisho anayestahili kujaribiwa na salmonela.

Na yai likishachemshwa tusidhani kwamba sasa halina neno. Kuchemsha huondoa ule utando, na yai la kuchemsha huharibika upesi kuliko bichi. Kwenye jokofu likae lisizidi juma moja. Nje, lisizidi muda wa saa 2. Kwa hiyo mtoto na ale yai lake nyumbani kabla hajatoka, badala ya kulibeba kwenye mkoba hadi mchana. Na yule kijana anayezunguka na mayai ya kuchemsha, chumvi na pilipili, sisemi afukuzwe, kwani anatafuta riziki yake kwa jasho. Nasema achemshe machache asubuhi, arudi achemshe mengine mchana. Nasi wateja tumuulize: haya umechemsha saa ngapi? Swali hilo si tusi.

Lakini tusimtwishe mlaji mzigo wote. Mfugaji anayeokota mayai mara moja tu kwa siku, kwenye viota vyenye kinyesi, ameshaharibu kazi kabla mimi na wewe hatujaliona yai. Msafirishaji anayeacha trei juani anaongeza. Muuzaji anayerudia trei za karatasi zilizolowa na kuchafuka anaongeza pia. Waingereza walifaulu pale walipoanza na banda la kuku. Nasi tuwadai wahusika wetu wa mifugo na afya waanze huko huko, na tarehe ya kutagwa iwe jambo la kawaida sokoni.

Wakati tunasubiri, msikilizaji, usingoje muhuri. Kinga ni bora kuliko tiba. Leo jioni, kabla hujalala, kagua mayai yako. Yashushe kutoka juu ya kabati, yaondoe mlangoni mwa jokofu, yageuze ncha chini, kisha muombe mwanao penseli.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaaliwa, tukutane tena juma lijalo wakati kama huu. Kwaheri.